Namba Iliyoshuka

Blacktown, 11 Julai 2021

Wifi yangu Emérance,

Salamu kutoka kwetu sote. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nyumba yetu unaijua. Nikiongea na simu jikoni, kaka yako ananijibu akiwa sebuleni, na haya ya leo sitaki ayajibu.

Kifurushi chako kimefika kutoka Perth. Chupa moja ilipasuka njiani. Yule bwana wa posta alikishika kwa ncha za vidole kama mtu anayetupa panya aliyekufa. Wifi, hiyo Mto Safi ni kitu gani? Mimi kazi yangu ni kuwaosha wazee wasiojiweza, hakuna uchafu wa binadamu usionijua. Lakini hii ilinitoa jikoni kwangu. Ni nyeusi, inavutika kama kamasi, inanuka kitunguu saumu kilichooza ndani ya mafuta ya samaki. Méthode anakunywa kikombe asubuhi amefumba macho, halafu anabeua mpaka mchana. Huyo ndiye ninayelala naye.

Sikatai miti shamba. Kambini Nyarugusu mama alitutibu kwa majani na tukapona. Ninachokataa ni maneno ya Mtumishi Venant, mchungaji wenu, yaliyobandikwa kwenye chupa, kwamba inasafisha mishipa na anayeinywa hahitaji vidonge. Kaka yako ana kolesteroli, mafuta yale ya kwenye damu, na yake imepita saba. Daktari Gitonga, yule Mkenya wa karibu na stesheni, alimwambia wazi kwamba bila vidonge moyo wake uko hatarini.

Nakuomba kitu kimoja. Mwambie anywe uji wako huo akitaka, ila vidonge asiache. Mimi hanisikii. Wewe alikubeba mgongoni mkivuka mpaka kuingia Tanzania, wewe atakusikia.

Wako,
Arakaza


Perth, 25 Julai 2021

Wifi yangu mpenzi Arakaza,

Bwana asifiwe. Nimecheka uliposema posta, halafu nikanyamaza uliposema "uji wako huo". Huo uji nauchemsha mimi mwenyewe na akina mama wenzangu, Jumamosi, tukiimba. Naunywa kila asubuhi tangu mwaka juzi. Sijalazwa hata siku moja.

Unaniambia kolesteroli. Baba yetu alianguka akilima, akafa kabla hatujamgeuza, na alikuwa mwembamba kama mwiko. Tulikuwa tunakula mahindi ya mgao na maharage yenye wadudu. Mafuta angeyatoa wapi? Madaktari wa huku wana ugonjwa kwa kila mtu, na kila ugonjwa una kidonge chake, na kidonge huanzi ukamaliza, unakula mpaka unakufa.

Hata hivyo sitaki ugomvi. Nimemwambia kaka afanye anavyosikia moyoni. Mtumishi Venant anamwombea kwa jina.

Wako katika Kristo,
Emérance


Blacktown, 6 Septemba 2021

Wifi,

Sijui nianzie wapi. Méthode yuko hospitalini. Corona ilipita ghalani kwao Wetherill Park kama moto, wote waliokuwa zamu moja naye wameumwa. Alikohoa, nikamtenga chumbani, nikamwekea chakula mlangoni. Asubuhi moja nikaona midomo imebadilika rangi. Ambulensi ikaja na watu waliovaa kama wanaenda mwezini. Mimi na mwanetu Armel tukabaki barazani, helikopta ya polisi inazunguka juu ya mtaa wetu, maana huku tumefungiwa ndani kuliko wenzetu wa mitaa ya pwani.

Haturuhusiwi kumwona. Kuna muuguzi Mkenya, Chepngetich, Mungu ambariki, ndiye anayeshika simu ili tumwone. Yuko kwenye oksijeni. Anahema kama samaki. Nilimwona akijaribu kunichekea nikatamani asijaribu.

Jana kulikuwa na nguvu kidogo katika sauti yake. Unajua alichoniambia? Hakuuliza mtoto. Alisema, "Mama Armel, wamepima damu yangu. Kolesteroli imeshuka. Mbili na kidogo!" Anahema kati ya kila neno. Nyuma yake nikamsikia Chepngetich akisema, "Mzee, hiyo namba usiishangilie bado, nitakueleza." Yeye ameshafumba macho, anatabasamu.

Omba kwa ajili yake. Omba apumue, hayo mengine acha.

Arakaza


Perth, 14 Septemba 2021

Wifi yangu,

Haleluya! Kaka amenipigia mwenyewe. Ameondolewa ile barakoa kubwa, amebakiwa na mirija ya puani tu, na KOLESTEROLI IMESHUKA! Kutoka saba na zaidi hadi mbili! Vidonge alivimeza miaka yote, haikufika hata tano. Mto Safi ameunywa miezi miwili. Sasa wifi, mimi na wewe nani alikuwa sahihi? Sisemi kwa kukusuta, nalia kwa furaha ninapoandika.

Nilimweleza Mtumishi Venant, akasimama ibadani mtandaoni akalitaja jina la kaka. Watu walipiga vigelegele majumbani mwao. Ameomba kaka ajirekodi pale pale kitandani, aseme kwa mdomo wake. Ushuhuda ukipoa hauna nguvu.

Wako,
Emérance


Blacktown, 24 Oktoba 2021

Wifi Emérance,

Kaka yako amerudi nyumbani na mji umefunguliwa. Anatembea hadi kwenye sanduku la barua na kurudi, anakaa. Namshukuru Mungu kwa hilo, na nisome vizuri, maana baada ya hapa sina la kushukuru.

Nimeiona hiyo video. Mume wangu amevaa gauni la hospitali, mirija puani, mashavu yameingia ndani. Anasema, "Saba hadi mbili, ni Mungu na Mto Safi." Pembeni wamebandika picha ya chupa na namba ya simu ya kuagizia. Wamemuuza Méthode akiwa mgonjwa, kama kuku anavyouzwa akiwa amefungwa miguu.

Ijumaa nilimpeleka kwa Daktari Gitonga. Nakuandikia maneno yake, kwa sababu kaka yako atakwambia mengine.

Daktari alisoma karatasi za hospitali, akamuuliza, "Hii ya mbili na kidogo walipima lini?"

Méthode akajibu, "Nikiwa kwenye oksijeni."

"Basi sikiliza, mzee. Virusi vikali vya mapafu vinaishusha kolesteroli. Mwili ukiwa vitani, ini linabadilisha kazi zake, mafuta ya kwenye damu yanapungua. Tumeyaona kwa wagonjwa wa corona, yanaonekana hata kwa mafua makali. Na mara nyingi aliyezidiwa zaidi ndiye anayeshuka zaidi. Ukipona, inapanda tena taratibu. Namba ile haikuwa habari njema. Ilikuwa inatuambia umezidiwa."

Umeelewa, wifi? Mlipiga vigelegele kwa sababu ndugu yako alikuwa anakufa.

Daktari amesema arudi kupima mwezi wa kwanza, mwili ukiwa umetulia, na vidonge aendelee navyo. Kisha akamuuliza baba yake alikufa kwa nini. Alipoelezwa, aliweka kalamu chini. Akasema kuna kolesteroli isiyotoka kwenye sahani, unazaliwa nayo, inakaa katika ukoo, na mtu mwembamba kama mwiko anaweza kuwa nayo. Akasema ndugu wote wa damu wapimwe. Ndugu wa damu aliye hai ni wewe. Nenda kapime.

Arakaza


Perth, 2 Novemba 2021

Arakaza,

Barua yako nimeisoma mara moja, ya pili nimeshindwa.

Kumbe ndiyo hayo. Damu ya kwetu ndiyo mbovu. Baba yangu yuko kaburini Kigoma, bado anasingiziwa ugonjwa na daktari ambaye hakumwona. Na mimi niende nitobolewe mkono ili nawe upate la kuwasimulia watu wa Blacktown? Mimi naumwa nini?

Daktari wako ana maneno mazuri. Namba ikipanda, ni ugonjwa, meza kidonge. Namba ikishuka, ni ugonjwa pia, meza kidonge. Mtu gani hashindi mchezo wa namna hiyo?

Nawe acha kumfuatafuata kaka na vidonge. Ameniambia mwenyewe kwamba tangu atoke hospitali hajameza hata kimoja, anaviangusha kwenye sinki ukigeuka. Mwanaume mzima anajificha na sinki nyumbani kwake! Muache apone kwa amani.

Emérance


Blacktown, 21 Novemba 2021

Mdogo wangu Eméra,

Wewe mdomo yako! Kwa nini ulimwambia habari ya sinki? Mke wangu hajanisemesha tangu barua ifike. Anaweka chakula mezani kama muuguzi, anaondoka. Vidonge ananihesabia mkononi, anasimama mpaka nimeze. Naficha chini ya ulimi. Umri huu!

Lakini franchement, kweli kabisa, mimi niko sawa. Nimerudi ghalani, bado wamenipa kazi nyepesi. Na watu wananisimamisha kwenye maduka, wananiita mzee wa ushuhuda. Katembo, yule Mkongomani tunaendesha naye foklifti, yeye haamini kitu, ameagiza chupa kwa ajili ya mama yake. Eméra, kambini nilikuwa kadi ya mgao. Hapa nilikuwa mtu wa kuinua mizigo, wanaita jina langu wanalivunja katikati. Sasa watu wanataka kusikia nasema nini. Arakaza hawezi kuelewa hiyo.

Kitu kimoja tu. Nikipanda ngazi za stesheni kifua kinabana, kama mtu mnene amenikalia, halafu anainuka. Itakuwa corona imeniachia mapafu mabovu. Usimwambie, atanipeleka kwa Gitonga amenifunga kamba. Muulize Mtumishi kama naweza kuongeza kikombe ya jioni.

Kaka yako,
Méthode


Perth, 29 Novemba 2021

Kaka mpendwa,

Nimemuuliza. Mtumishi amefurahi sana. Anasema kubanwa huko ni uchafu wa zamani unang'oka kwenye mishipa, ukitoka wote utapumua kama kijana. Ongeza kikombe cha jioni, tena kiwe kimejaa. Nimekutumia chupa kubwa.

Kwa Arakaza sitasema neno.

Eméra


Blacktown, 30 Januari 2022

Emérance,

Leo sikuiti wifi, na usiniulize kwa nini.

Uliona mazishi ya kaka yako kwenye simu aliyoishika Armel. Najua mpaka wa jimbo lenu umefungwa, ungekuja usingeruhusiwa kurudi kwenu, hilo sikulaumu. Lakini yapo ambayo simu haikuonyesha, nawe utayajua.

Mwanzoni mwa mwezi alikwenda kupima, kwa sababu nilimwambia asipokwenda nahamishia godoro langu kwa Armel. Majibu yalikuja. Ilikuwa imepanda kupita ilivyokuwa kabla ya corona. Daktari Gitonga alimpigia simu mwenyewe, hakutuma mtu. Nilikuwa nimekaa pembeni. Méthode alisikiliza, akasema, "Daktari, maabara wamechanganya damu." Akakata simu. Nikamuuliza, "Baba Armel, na wewe unaamini hivyo?" Alisema tu, "Nitawaambia nini watu?"

Ulinisikia? Nitawaambia nini watu. Hilo ndilo neno la maana la mwisho nililolisikia kwa mume wangu. Baada yake tulizungumza habari za bili na mvua.

Alianguka kazini, katikati ya mizigo. Katembo alimkandamiza kifua na kumpulizia pumzi mpaka ambulensi ikafika. Siku ya kwanza ya msiba alikaa jikoni kwangu hakula. Mwishowe akasema, "Mama Armel, nisamehe kusema hivi. Nilipompulizia, nilionja ile dawa. Iko kinywani mwangu mpaka sasa. Nimepiga mswaki mpaka damu." Mtoto wa watu, ametoka kumpigania rafiki yake amebaki na ladha hiyo.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu. Jana mtu ameniletea ile video. Imerushwa upya. Wameandika juu yake: "Miezi mitano baadaye, mishipa safi." Miezi mitano baadaye! Mume wangu hata udongo wake haujashuka. Mimi nimewaosha maiti kazini, nimewabadilisha wazee waliooza migongo, sijawahi kuchukia kitu kama nilivyokichukia kidole kilichoandika maneno hayo.

Mwambie Venant aiondoe. Usimwombe. Mwambie.

Na ukapime. Sikuambii kwa upendo, leo sina. Nakuambia kwa sababu mlizaliwa tumbo moja, na wanao ni watoto wa tumbo lako.

Arakaza


Perth, 27 Februari 2022

Arakaza,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nifanye.

Nilimfuata Mtumishi nyumbani kwake. Nilimkuta anafunga maboksi ya chupa kwa utepe wa gundi. Nikamwambia kaka yangu amekufa, iondoe video. Akanishika bega, akasema, "Dada Emérance, ushuhuda ukishatolewa si wa mtu tena, ni wa Mungu." Nikamwambia aliyeutoa yuko chini ya ardhi, na amekufa kwa moyo. Akasema bila hata kuweka gundi chini, "Alirudi kwa daktari kupima. Mashaka yalimwingia kupitia sindano ile. Angekaa mbali na maabara angekuwa hai."

Nilimtazama mikono. Kucha zake zilikuwa nyeusi za ile dawa, kama zangu. Nilijiona. Nikasikia harufu ambayo miaka yote hii sijawahi kuisikia, ilikuwa kwenye nguo zangu, kwenye nywele, kwenye kiti cha gari. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani, gari nikaliacha kwake.

Kesho yake nilikwenda kupima. Sikuwa na corona, sikuwa na mafua, sikuwa na homa ya kuishusha. Na asubuhi hiyo nilikuwa nimekunywa kikombe changu kama kawaida, kwa mazoea tu, ndipo nikakumbuka nilichotaka kufanya. Nilimwambia yule dada wa maabara, akasema haina neno, tupime.

Yangu ni tisa. Tisa, Arakaza. Imeipita ya kaka. Nilikaa garini kwa jirani aliyenipeleka kuchukua majibu, nikajaribu kutafuta namna ya kuielewa vinginevyo, kama kaka alivyotafuta. Nilisema maabara wamechanganya. Nikajisikia nikisema. Daktari amenisikiliza moyo, akapapasa kano nyuma ya vifundo vya miguu yangu, yale mavimbe niliyodhani ni ya viatu, akasema hayo ni mafuta yenyewe, yamekaa hapo miaka.

Jumapili nilisimama ibadani, mbele ya simu zao zote, nikaisema namba yangu. Nikasema mimi ndiye mpishi wa hii dawa, nimeinywa kuliko nyote. Sikufika mbali. Wakazima sauti yangu, kwaya ikaanza.

Kuna jambo la kaka hulijui. Mwezi wa kumi na moja aliniandikia kwamba kifua kinambana akipanda ngazi. Aliniomba nisikwambie. Nikamuuliza Venant, Venant akasema aongeze kikombe. Ni mimi niliyemjibu kaka hivyo, kwa mkono huu. Barua yake ninayo. Sijui kama unaitaka.

Emérance


Blacktown, 20 Machi 2022

Emérance,

Barua ya Méthode usinitumie. Nisingeweza kuisoma na kukupenda kwa wakati mmoja, na nina kazi ya kukupenda huko mbele, sijui lini. Leo bado. Nikikumbuka kile kikombe cha jioni, jinsi alivyokuwa akikishika kwa mikono miwili na kuniambia ni chai ya kulalia, mate yananijaa kama nataka kutapika. Nakwambia ili ujue, wala usiniandikie kuniomba radhi. Sitazijibu barua hizo.

Ulivyosimama ibadani nimesikia kwa watu kabla ya kusikia kwako. Wanasema una wazimu wa msiba. Nimewaambia hapana, huyo ndiyo kwanza ameanza kupona.

Armel amepimwa. Anayo ya baba yake. Ana miaka kumi na tisa na anayo. Daktari Gitonga amemwanzishia vidonge, na alipoandikiwa alikasirika, si kwa dawa, kwa baba yake. Anaongea Kiingereza chake, mimi namjibu kwa Kiswahili, tunagombana hivyo kila jioni, lakini anameza. Na wako? Wapeleke wote watatu, hata yule mdogo.

Mpaka wenu umefunguliwa. Mkija, mlale kwangu. Dawa zako njoo nazo, na utazimeza mezani, nikikutazama mdomoni, chini ya ulimi.

Video Armel aliiripoti mpaka ikaondolewa. Ikarudi kwa jina jingine, akairipoti tena. Wiki iliyopita, baada ya misa, alinifuata mama mmoja mgeni, Mrundi mwenzetu, hanijui wala simjui. Kaambiwa tu kwamba kwangu zilikuwa zinafikia zile chupa. Mumewe ametoka hospitali kwa corona, kolesteroli yake imeshuka, wameamua kuacha vidonge. Akanionyesha simu yake, Méthode yupo humo, anasema saba hadi mbili. Akaniambia, "Huyu baba nampenda. Anaongea kweli. Unamfahamu? Ningemwomba namba yake."

Sikuwa na maneno ambayo hayana matusi. Nilimwambia, "Namfahamu. Twende nikupeleke."

Alifurahi, akaingia garini. Njia nzima alinisimulia mumewe, jinsi alivyokonda. Nilipoegesha makaburini alidhani nimesimama kumwuliza mtu njia. Nikamshika mkono hadi pale. Jiwe bado hatujaweka, kuna kibao cha mbao na jina lake na picha, ile ya kitambulisho cha kazini. Alitazama kibao, akatazama simu, akatazama kibao.

"Ndiye?" akaniuliza.

"Ndiye. Sasa muulize."

Alikaa chini kwenye majani na nguo zake za kanisani. Baadaye akampigia mumewe, akamwambia avitoe vile vidonge kwenye pipa la taka, avifute.

Arakaza